Jina Likigeuka Amri

Upenyezaji wa amri ni kosa la programu linalotokea pale maandishi yaliyokusudiwa kuwa taarifa tu, kama vile jina la faili, anwani au kichwa cha ujumbe, yanaposomwa na kompyuta kama agizo la kutekelezwa. Aliyeyaandika hapewi ruhusa yoyote mpya. Anadandia tu ruhusa za programu iliyoyapokea: kama programu hiyo inaweza kufuta, kunakili au kutuma mafaili, basi naye anaweza.

Mlango wa kosa hili ni sheli. Si ile ya kuuzia mafuta. Sheli ya kompyuta ni programu inayokaa kati ya mtu na kiini cha mfumo. Hupokea mstari wa maandishi, huukatakata vipande, kisha huamua kipande kipi ni jina la programu ya kuendeshwa na vipi ni vya kukabidhiwa programu hiyo. Inapokata hufuata alama. Nafasi tupu hutenganisha neno na neno. Nukta mkato humaliza amri moja na kufungua nyingine. Mstari wima hupeleka matokeo ya amri hii kwenye amri ile. Alama ya dola ikifuatwa na mabano huiambia sheli itekeleze kwanza kilichomo ndani ya mabano. Na ritifaa hufungua nukuu: kuanzia hapo kila kitu huchukuliwa kuwa neno moja mpaka ionekane ritifaa ya pili.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia bila kualikwa, kwa sababu ritifaa kwake si pambo. Bila hiyo hakuna ng'ombe, hakuna ng'ambo, hakuna Chang'ombe. Tuseme kuna zana ndogo ya kufunga mafaili katika kifurushi kimoja. Mtunzi wake ameunganisha vipande viwili vya maandishi, yaani amri na jina la faili, kisha akaukabidhi mstari mzima kwa sheli:

zip kifurushi.zip ng'ombe.csv

Sheli inaanza vizuri, inafika kwenye ritifaa, inafungua nukuu na kuanza kuitafuta ritifaa ya kufungia. Haipo. Inalalamika kwamba maandishi yamekwisha kabla ya nukuu kufungwa, na faili halifungwi. Hakuna mdukuzi hapa. Kuna mfugo tu. Lakini badala ya ng'ombe angekuja mbuzi, tena mwenye jina refu kidogo:

zip kifurushi.zip mbuzi.csv; rm -r picha

Linux inakubali jina la faili lenye nafasi tupu na nukta mkato, hivyo hakuna cha ajabu katika faili hilo kuitwa hivyo. Sheli inamfunga mbuzi, inafika kwenye nukta mkato, inahesabu kwamba amri ya kwanza imekwisha, inasoma ya pili na kulifuta folda la picha pamoja na vyote vilivyomo. Ng'ombe na mbuzi wamepita katika tundu lilelile. Tofauti ni kwamba ng'ombe alikwama na kuonekana.

Watu watatu wana la kusema juu ya tundu hilo, na hawasemi kitu kimoja. Wa kwanza ni mtunzi wa programu, anayezitumia zana hizi kutwa na wakati mwingine kuziunda. Wa pili ni mkaguzi wa usalama, ambaye kazi yake ni kuzijaribu. Wa tatu yuko mbali na sheli zote: ni mfuatiliaji wa msitu katika kijiji cha Mwamgongo, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, mahali panapofikiwa kwa boti kutoka Kibirizi. Katika vijiji vinavyoizunguka Gombe, ambako Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mradi wa TACARE mwaka 1994, wanavijiji waliochaguliwa hutembea msituni wakiwa na simujanja na kujaza fomu za ODK: mti uliokatwa, mtego, kiota cha sokwe, pamoja na picha na mahali vilipoonekana. ODK ni programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008. Sauti za watu hao watatu zimewekwa hapa kama za watu waliokaa baraza moja.

Mtunzi wa programu hufungua kwa kujitetea. Zana yake, anasema, ilifanya ilichoambiwa. Mwenye kosa ni aliyeliita faili lake jina la ovyo. Mtu mwenye akili timamu haweki nukta mkato katika jina la faili.

Mkaguzi humpeleka gatini. "Ndugu, kiroba cha dagaa kimepakiwa kwenye boti pale Kibirizi, na juu yake pameandikwa kwa wino jina la mpokeaji. Kijana wa boti analisoma jina, anakitafuta kiroba, anakishusha. Sasa mtu mmoja ameandika juu ya kiroba chake: Mama Fulani, kisha shusha na viroba vyote vya jirani. Kijana akavishusha vyote. Utamlaumu mwandishi wa kiroba peke yake?" Kijana yule alipewa jina la kusoma akalitii kama amri ya nahodha. Mwandishi ni mwizi, hilo halina ubishi, lakini boti inayotii maandishi ya juu ya viroba itaibiwa kila safari.

Mtunzi hakubali haraka. Sheli, anasema, ndiyo iliyoumbwa hivyo tangu zamani, wala si yeye aliyeiumba. Na hapo ana ushahidi. Mwezi Septemba 2014 ilitangazwa kwamba Bash, mojawapo ya sheli zinazotumika zaidi duniani, ilikuwa ikitekeleza maneno yaliyofungamanishwa mwishoni mwa vigeu vya mazingira, yaani taarifa ambazo programu moja huirithisha nyingine. Aliyeligundua kosa hilo ni Stéphane Chazelas, na lilikuwa limelala ndani ya Bash tangu mwaka 1989. Likaitwa Shellshock. Seva za wavuti zilizokuwa zikirithisha taarifa za wageni wao kwa Bash zikawa zimewafungulia mlango. Katika kisa hicho mtunzi wa kawaida hakukosea kitu.

Ni kweli, husema mkaguzi, lakini kisa hicho ni cha nadra. Mengi ya makosa haya hayahitaji sheli mbovu. Sheli nzima kabisa, isiyo na dosari hata moja, hufuta folda la picha ikiambiwa ilifute. Tarehe 10 Julai 2024 mashirika ya Marekani CISA na FBI yalitoa tahadhari ya pamoja kwa watengenezaji wa programu, yakisema wazi kwamba aina hii ya udhaifu inazuilika kabisa na kwamba inaendelea kujitokeza kwa sababu bidhaa hazijengwi kwa kutenganisha taarifa na amri tangu mwanzo. Hoja ya tahadhari hiyo ni ileile ya kijana wa boti.

Baraza linahamia kwenye tiba, na tiba ya kwanza inayopendekezwa na mtunzi ndiyo ambayo karibu kila mtunzi huanza nayo: kusafisha. Orodhesha alama zote za hatari, anasema, yaani nukta mkato, mstari wima, dola, mabano na ritifaa, kisha kataa maandishi yoyote yenye mojawapo.

Mfuatiliaji wa msitu, aliyekuwa kimya, hapo anainua mkono. "Ndugu zangu, fomu yangu ina sehemu ya kueleza nilichokiona. Nikiona ng'ombe wameingizwa kwenye msitu wa hifadhi ya kijiji, niandike nini? Ngombe?" Si swali la mzaha. Katika kuikataa ritifaa, zana inakataa herufi ya lugha ya mtumiaji wake. Wako watu wenye ritifaa katika majina yao, na zipo wilaya nzima, kama Nyang'hwale mkoani Geita, ambazo haziandikiki bila hiyo. Programu inayomwambia mtu kwamba jina lake ni batili imehamishia uvivu wa mtunzi kwa mwenye jina. Kwa mtunzi aliyekulia kwenye Kiingereza, ritifaa inaweza kuonekana alama ya pembeni inayoweza kuachwa; kwa aliyekulia kwenye Kiswahili ni nusu ya konsonanti.

Mkaguzi anaongeza kwamba kusafisha, hata kama kungekuwa na adabu, hakutoshi. Mwezi Desemba 2024 ilishambuliwa Ultralytics, maktaba ya programu inayofundisha kompyuta kutambua vitu katika picha. Maktaba za aina hiyo hutumiwa pia na watafiti wa wanyamapori kuchambua picha za kamera zinazotegwa porini. Mshambuliaji hakuvunja nenosiri la mtu. Aliwasilisha ombi la kuunganisha mabadiliko, kama afanyavyo mtu yeyote katika programu huria, ila tawi lake alilipa jina ambalo ndani yake mna amri. Seva ya kiotomatiki iliyokuwa ikishughulikia maombi hayo ililichukua jina la tawi na kulibandika katika mstari wa sheli.

Git hairuhusu nafasi tupu katika jina la tawi. Hiyo ni aina ya usafishaji, na kali tu. Mshambuliaji hakuhangaika: badala ya nafasi tupu aliweka kigeu cha sheli chenyewe kinachobeba nafasi tupu. Git iliona jina lisilo na pengo hata moja, sheli ikaona amri iliyopangwa vizuri. Kutoka hapo alilichafua ghala la muda la seva, na matoleo 8.3.41 na 8.3.42 yakatoka kwa umma yakiwa na mchimbaji wa sarafu za kidijitali ndani yake. Aliyeyapakua alikuwa amepakua maktaba halisi, kutoka mahali halisi, yenye jina halisi.

Ukiwa na orodha ya alama mbaya, anasema mkaguzi, unashindana na mtu mwenye muda kuliko wewe. Tiba iliyo imara ni kutokuiita sheli kabisa. Karibu kila lugha ya programu inayo njia mbili za kuendesha programu nyingine. Njia ya kwanza hupokea mstari mmoja wa maandishi na kuupeleka kwa sheli ukatwe: katika C ni system, katika Python ni subprocess iliyoambiwa shell=True, katika Node ni exec. Njia ya pili hupokea orodha, yaani jina la programu peke yake na kila kipande peke yake, na kuvikabidhi moja kwa moja kwa mfumo bila kukatwa na yeyote: execve, subprocess yenye orodha, execFile. Kwa njia ya pili, faili liitwalo mbuzi.csv; rm -r picha ni faili tu lenye jina la ajabu. Zip italitafuta faili lenye jina hilo lote, pamoja na nukta mkato yake. Na ng'ombe anapita salama na ritifaa yake.

Kwa nini basi watu hawaitumii? Kwa sababu njia ya kwanza ni fupi kuandika, na mtunzi ameshaujaribu mstari wake kwenye dirisha la amri ukafanya kazi. Kuunakili kama ulivyo ni kazi ya sekunde mbili. Hakuna siri nyingine kubwa kuliko hiyo.

Mtunzi, aliyeonekana kushindwa, sasa anarudi na hoja yenye uzito. Je, orodha ni salama kweli? Anataja tarehe 10 Agosti 2017. Siku hiyo zana tatu kubwa za kutunza msimbo, Git, Mercurial na Subversion, zilitoa viraka vya kosa la aina moja. Zana hizi zinaweza kuitwa na anwani inayoanza na ssh, nazo huchukua jina la seva kutoka kwenye anwani na kulikabidhi kwa programu ya ssh. Mtu akatengeneza anwani ambayo jina la seva linaanza na kistari. Programu ya ssh, kama programu nyingi za ukoo wa Unix, ikiona kipande kinachoanza na kistari haikisomi kuwa jina bali kuwa chaguo, na mojawapo ya machaguo yake humruhusu mwenye kuiita aitajie amri ya kuendeshwa kabla ya kuunganishwa. Kunakili hazina ya msimbo kutoka kwenye anwani hiyo kulitosha kuendesha amri ya mgeni. Hata kwa orodha safi, kistari kingepita, kwa kuwa anayedanganywa hapa ni ssh mwenyewe.

Anataja pia tarehe 9 Aprili 2024. Mtafiti ajulikanaye kwa jina la RyotaK alionyesha kwamba kwenye Windows orodha ni kama haipo. Windows huikabidhi programu mstari mmoja wa maandishi, na kila programu hujikatia yenyewe. Lugha za programu hujitahidi kuugeuza mpangilio wa orodha kuwa mstari ulionukuliwa vizuri, lakini faili la amri la Windows huendeshwa na cmd.exe, ambayo ina kanuni zake za kunukuu. Rust, lugha inayosifiwa kwa usalama, ilijikuta na udhaifu uliopewa alama 10 kati ya 10, ukazibwa katika toleo 1.77.2. Node na PHP nazo zilihitaji viraka.

Mkaguzi hapa anakubali, tena bila kusitasita. Orodha inafunga mlango mkubwa, haifungi madirisha. Kwa kistari ipo dawa ya zamani: vistari viwili vinavyoiambia programu kwamba machaguo yamekwisha na kila kinachofuata ni jina hata kikianza na kistari, pamoja na kuyakataa majina ya seva yanayoanza hivyo, kwa kuwa hakuna seva halali yenye jina hilo. Kwa cmd.exe dawa ni kutompelekea kabisa maandishi ya mgeni. Lakini anakataa hitimisho ambalo mtunzi anaonekana kulielekea, kwamba kwa kuwa orodha haitoshi basi na mstari unafaa. Kufuli inayoweza kutobolewa na fundi bado ni bora kuliko pazia.

Mtunzi ana ngao nyingine. Zana zake, anasema, zinafanya kazi kwenye kompyuta yake mwenyewe. Hazikai kwenye intaneti. Akijidhuru, kajidhuru mwenyewe.

Ngao hiyo ilitobolewa mwezi Novemba 2025. React Native ni mfumo unaotumiwa sana kutengenezea programu za simu, na zana yake ya amri huwasha seva ndogo kwenye kompyuta ya mtunzi ili aone kazi yake inavyoendelea. Watafiti wa kampuni ya JFrog walitangaza kwamba seva hiyo, kwa mpangilio wake wa kawaida, ilikuwa ikisikiliza mtandao mzima badala ya kompyuta iliyowashiwa tu, na kwamba njia mojawapo ndani yake ilipokea anwani ya kufungua na kuipeleka mahali ambapo ingeweza kugeuka amri. Udhaifu ulipewa alama 9.8, na kiraka kikatoka katika toleo 20.0.0 la sehemu hiyo ya zana. Maana yake kwa mtu aliyekaa kwenye Wai-Fai ya pamoja, iwe hoteli ya Kigoma mjini au maktaba ya chuo Dar es Salaam, ni kwamba jirani wa meza ya pili angeweza kuiamrisha kompyuta yake.

Na kompyuta ya mtunzi si ya kujidhuru peke yake. Ndani yake mna funguo: za kuingilia seva, za kusaini programu, za kuchapisha maktaba. Tarehe 26 Agosti 2025 yalichapishwa matoleo yenye sumu ya Nx, zana ya kujengea miradi ya msimbo. Mlango ulikuwa kichwa cha ombi la kuunganisha mabadiliko, maandishi ambayo mtu yeyote anaweza kuyaandika, yaliyobandikwa katika mstari wa sheli kwenye seva ya kiotomatiki. Kupitia hapo iliibwa hati ya kuchapishia, na matoleo yaliyotoka yakazikusanya siri za watunzi walioyapakua na kuzianika hadharani kwenye akaunti zao wenyewe za GitHub. Kichwa cha ujumbe kimoja, na watu wasiojuana wakajikuta funguo zao ziko barazani.

Mfuatiliaji wa Mwamgongo anauliza yeye anaingiaje humo. Jibu la mkaguzi ni refu kidogo, lakini halina fumbo. Neno analoliandika kwenye simu hukaa kama neno. Hatari huanza baada ya kutumwa, pale afisa wa takwimu au mwanafunzi anayefanya mafunzo kwa vitendo anapoandika msimbo mfupi wa kugeuza taarifa kuwa ramani, na ndani yake akaunganisha amri na jina la kijiji, jina la faili au maelezo ya picha. Msimbo wa namna hiyo huandikwa jioni moja na hutumika miaka. Haukaguliwi, kwa sababu hakuna anayeuita programu. Huko ndiko ng'ombe atakakokwama. Vilevile simu yake inaendesha programu iliyojengwa na zana zilezile zinazojadiliwa hapa, na zana zikitiwa sumu, sumu haiulizi boti.

Kinachoweza kupotea si kidogo. Ramani za matumizi ya ardhi na za misitu ya hifadhi ya vijiji ndizo zinazotazamwa serikali ya kijiji inapoamua wapi palimwe, wapi pachungiwe na wapi pasikatwe mti. Katika milima hiyo ya michikichi, ambako bonde ni jembamba na ziwa liko miguuni, mita mia moja za mpaka ni shamba la mtu.

Kizazi kipya cha zana kimeuongezea mjadala kipengele ambacho hakikuwapo. Sasa wapo mawakala wa akili unde wanaosoma msimbo, kuandika amri na kuziendesha wenyewe kwenye kompyuta ya mtunzi, wakiomba ruhusa kwanza. Google ilitoa Gemini CLI mwezi Juni 2025. Watafiti wa kampuni ya Tracebit wakaonyesha kwamba maagizo yaliyofichwa ndani ya matini ya leseni, katika faili la maelezo la hazina ya msimbo, yaliweza kumshawishi wakala aombe ruhusa ya kuendesha amri ya kutafuta maneno, amri isiyo na madhara. Mtunzi akiiruhusu mara moja kwa kikao kizima, amri iliyofuata ilianza kwa neno hilohilo la kutafuta, kisha nukta mkato, kisha amri ya kutuma siri nje. Zana ililinganisha mwanzo wa mstari tu ikaridhika. Kiraka kilitoka tarehe 25 Julai 2025 katika toleo 0.1.14.

Mtunzi huona hapa uchawi mpya. Mkaguzi huona nukta mkato ileile, na huenda yeye ndiye mwenye macho. Kilichoongezeka ni kwamba sasa hata sentensi ya kawaida, yenye herufi tupu bila alama yoyote ya hatari, inaweza kuwa agizo, na kwa sentensi hakuna orodha ya kutenganisha kipande na kipande. Kwa upande huo tiba kamili haijapatikana. Kilichopo ni kumnyima wakala funguo asizozihitaji na kumweka kwenye chumba kisicho na mlango wa nje.

Suala la sheria baraza halilikalii sana. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, inayofanya kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa kuwa kosa la jinai, na nia njema si ruhusa. Kwa hiyo mwanafunzi aliyegundua kwamba fomu fulani ya taasisi inanung'unika akiandika ritifaa hana budi kuishia hapo: asiendelee na nukta mkato kwenye mfumo usio wake ili kuthibitisha. Aripoti kwa mwenye mfumo, au kwa TZ-CERT, kitengo cha kitaifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta kilicho chini ya TCRA. Majaribio yafanyike kwenye kompyuta yake.

Likibaki swali la kwanza, la nani mwenye kosa, mizani inamwangukia mtunzi wa zana, ingawa si kwa uzito aliouanza nao mkaguzi. Mwandishi wa jina baya ana hatia yake mahakamani. Mtumiaji anapaswa kusasisha zana zake, ingawa kumwambia hivyo mtu ambaye mtandao wake huja na kuondoka ni rahisi kuliko kufanya. Lakini katika watu wote watatu ni mmoja tu aliyekuwa na uchaguzi kati ya mstari na orodha wakati msimbo unaandikwa, na kosa lilizaliwa dakika ile. Viraka vya 2017, 2024 na 2025 vyote viliandikwa upande wake, hakuna hata kimoja kilichoandikwa Mwamgongo.

Mtunzi anayetaka kujua kama zana yake ina tundu hili hahitaji mdukuzi wala mkaguzi wa kulipwa. Atengeneze kwenye kompyuta yake faili tupu, aliite ng'ombe wa jirani.csv, aipe zana yake ilishughulikie, atazame litakavyotoka.